Alfonso wa Kumi: Mfalme msomi aliyeasiwa na mwanawe

MWEZI Aprili mwaka 1282, makabaila, viongozi wa dini na wawakilishi wa miji ya Castilla na León, falme mbili zilizokuwa chini ya taji moja katika nchi ambayo leo ni Hispania, walikutana mjini Valladolid na kumvua madaraka mfalme wao. Aliyewaita alikuwa mtoto wa mfalme huyo, Sancho. Aliyetamka hukumu alikuwa mdogo wake mfalme, Manuel. Malkia Violante, mke wa mfalme, alikuwa upande wa waasi.

Hawakumuua wala kumfunga. Walimwachia jina la ufalme, lakini wakamnyang'anya mamlaka ya kuhukumu, mapato ya hazina na ngome zote za nchi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 60, mgonjwa, na mwenye maumivu ya muda mrefu katika uso na miguu.

Mtu huyo ni Alfonso wa Kumi, ambaye historia inamtambua kwa jina la Alfonso Mwenye Hekima. Ndiye aliyeandikisha sheria zilizokuja kutumika kwa karne nyingi katika mabara mawili, na ndiye aliyewaketisha pamoja wasomi wa Kikristo, Kiislamu na Kiyahudi ili wamfasirie vitabu. Hata mwezini kuna bonde lililopewa jina lake. Hata hivyo, katika miaka yake miwili ya mwisho hakuwa na mji mkubwa wa kutegemea isipokuwa Sevilla na michache mingine iliyokataa kumsaliti.

Alfonso alizaliwa mjini Toledo Novemba 23, mwaka 1221. Baba yake, Fernando wa Tatu, alikuwa mpiganaji aliyeuteka mji wa Córdoba mwaka 1236, Jaén mwaka 1246 na Sevilla mwaka 1248, na hivyo kumaliza sehemu kubwa ya utawala wa Kiislamu kusini mwa rasi hiyo. Karne nne baadaye, mwaka 1671, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu. Mama yake, Beatriz, alitoka katika ukoo wa wafalme wa Ujerumani, na alikuwa mjukuu wa Kaisari Frederick Barbarossa. Damu hiyo ya upande wa mama ndiyo iliyokuja kumgharimu Alfonso kuliko jambo jingine lolote alilorithi.

Akiwa bado mwanamfalme, hakuwa mtu wa vitabu tu. Mwaka 1243, baba yake akiwa mgonjwa, yeye ndiye aliyekwenda kupokea utii wa ufalme wa Kiislamu wa Murcia. Alikuwapo pia katika mzingiro wa Sevilla, mji ambao ulisalimu amri siku aliyotimiza miaka 27. Mwaka 1249 alimwoa Violante, binti wa Mfalme Jaime wa Kwanza wa Aragon, ndoa iliyofunga ujirani na ufalme uliokuwa mpinzani mkubwa wa Castilla upande wa mashariki.

Fernando alifariki dunia mjini Sevilla mwishoni mwa Mei 1252, na Alfonso akashika kiti cha enzi akiwa na miaka 30. Alirithi nchi iliyokuwa imekua ghafla kuliko uwezo wake wa kuijaza watu na kuitawala. Kila mji ulikuwa na mila zake za kuhukumu. Makabaila walizoea kugawiwa ngawira za vita, na sasa maeneo ya kuteka yalikuwa yamebaki machache. Bei za vitu zilikuwa zikipanda, na kuanzia mwanzo wa utawala wake mfalme alijaribu kuzidhibiti kwa amri, jambo ambalo halikufanikiwa kwake kama ambavyo halijawafanikia watawala wengi.

Mwaka 1254 ulikuwa miongoni mwa miaka yake ya furaha. Mwanamfalme Edward wa Uingereza alifika Burgos, akavishwa uaskari mtukufu na Alfonso mwenyewe, kisha akamwoa Leonor, dada wa mfalme kwa baba. Katika mwaka huohuo Alfonso aliipa chuo cha Salamanca haki na mishahara ya walimu, na akaanzisha mjini Sevilla shule ya Kilatini na Kiarabu.

Ni katika elimu ndipo mfalme huyu alipowaacha mbali watawala wenzake. Kabla hata ya kutawazwa, mwaka 1251, ngano za wanyama za Kalila na Dimna, zilizosafiri kutoka India hadi Uajemi na kisha kwa Waarabu, zilifasiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kikastila chini ya jina lake. Vilifuata vitabu vya falaki, vya mawe na nguvu zake, vya historia ya Hispania na historia ya ulimwengu. Toledo ilikuwa kituo cha ufasiri tangu karne iliyotangulia, lakini zamani wafasiri walifanya kazi kwa ajili ya Kilatini, lugha ya makasisi. Alfonso aliamuru maarifa yaandikwe kwa lugha iliyozungumzwa sokoni na barazani. Hati za serikali yake nazo ziliandikwa kwa lugha hiyo. Kihispania kinachozungumzwa leo na mamia ya mamilioni ya watu kilipata uzito wake wa kwanza wa maandishi katika ofisi za mfalme huyo.

Msomaji wa Kiswahili hatakuwa mgeni sana katika maktaba ile. Sukari ya Waswahili na ile inayotajwa na Wahispania zimetoka katika neno moja la Kiarabu, na kadhalika sataranji. Cheo cha kiongozi wa mji katika Hispania kina asili moja na cheo cha kadhi. Lugha mbili zilizo mbali sana ziliteka maji katika kisima kimoja.

Kazi iliyomsafirisha mbali zaidi ni majedwali ya nyota. Kati ya mwaka 1263 na 1272, wanazuoni wawili wa Kiyahudi, Yehuda ben Moshe na Isaac ibn Sid, walifanya uchunguzi wa anga mjini Toledo na kuandaa hesabu za mwendo wa jua, mwezi na sayari. Toleo la Kilatini lilipoenea kutoka Paris katika miaka ya 1320, likawa ndilo kipimo cha wanafalaki wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200. Nicolaus Copernicus, aliyekuja kuuondoa ulimwengu katikati ya mbingu, alikuwa na nakala yake. Mwanafalaki Abraham Zacuto wa Salamanca alijenga sehemu ya hesabu zake juu ya msingi huo, na almanaki yake ilichapishwa Ureno mwaka 1496. Zacuto alikuwa katika jumba la mfalme wa Ureno wakati safari ya Vasco da Gama ikiandaliwa, ile iliyofika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Ndiyo kusema kwamba kivuli cha Alfonso kilifika hata pwani yetu, ingawa mwenyewe hakuijua.

Upande wa sheria, kati ya takriban mwaka 1256 na 1265, wanasheria wake waliandaa kitabu kikubwa cha sehemu saba, kinachojulikana kama Siete Partidas. Kinagusa imani, wajibu wa mfalme, mahakama, ndoa, mikataba, wasia na jinai. Makabaila walikipinga kwa kuwa kiliyafuta mazoea yao, na hakikupata nguvu kamili ya kisheria hadi mwaka 1348, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo cha mwandishi wake. Baadaye kilivuka bahari na Wahispania hadi Amerika. Katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi la Marekani mjini Washington, sura ya Alfonso imechongwa kwenye marumaru pamoja na za watunga sheria wengine mashuhuri wa dunia.

Lakini ni vyema kutompamba kupita kiasi. Sheria hizohizo ziliwataka Wayahudi wavae alama ya kuwatenga na Wakristo. Mwaka 1264 Waislamu wa Andalusia na Murcia waliokuwa chini ya utawala wake waliasi, wakichochewa na mfalme wa Granada. Alipowashinda, aliwafukuza kwa maelfu kutoka miji yao. Murcia ilirudi mikononi mwake mwaka 1266 kwa msaada wa mkwewe, Jaime, ambaye aliuteka mji huo kisha akamkabidhi. Mfalme alipenda vitabu vya Waarabu, na aliweza wakati huohuo kuwaondoa Waarabu katika nyumba zao.

Ndoto iliyokula fedha zake ilikuwa Ujerumani. Mwaka 1256 wajumbe wa mji wa Pisa walimwendea wakamwambia kwamba, kwa nasaba ya mama yake, anastahili kuwa Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi. Mwaka uliofuata wateule wa Ujerumani waligawanyika, baadhi wakamchagua Richard wa Cornwall, ndugu wa mfalme wa Uingereza, na wengine wakamchagua Alfonso. Kwa karibu miaka 20 alitumia mali ya Castilla kununua marafiki katika nchi ambayo hakuwahi kukanyaga. Kodi ziliongezwa na sarafu ikapunguzwa thamani. Mwaka 1272 makabaila wakubwa, wakiwa na Felipe, ndugu wa mfalme, na Nuño González de Lara, waliasi na kwenda kujiunga na mfalme wa Kiislamu wa Granada. Ilibidi awabembeleze kwa mapatano.

Mwaka 1273 Wajerumani walimchagua mtu mwingine, Rudolf wa Habsburg. Alfonso hakukubali hadi akutane na Papa Gregori wa Kumi. Walikutana mwaka 1275 huko Beaucaire, kusini mwa Ufaransa, na papa akamtaka aachane na dai lake.

Wakati akiwa ugenini kuomba taji la watu wengine, nyumba yake ilishika moto. Sultani Abu Yusuf wa Moroko, wa ukoo wa Marini, alikuwa akivusha majeshi kuingia Andalusia. Mrithi wa kiti, Fernando de la Cerda, mwenye umri wa miaka 19, alitoka kwenda kuwakabili, akaugua njiani na kufariki dunia Julai 25, mwaka 1275. Septemba, Nuño González de Lara, aliyekwisha kupatana na mfalme, aliuawa vitani karibu na Écija. Oktoba aliuawa askofu mkuu wa Toledo, ndugu wa malkia. Aliyesimama kukusanya askari na kuzuia nchi isianguke alikuwa mtoto wa pili wa mfalme, Sancho, kijana wa miaka 17.

Aliporejea, Alfonso alikuta swali ambalo lingemshinda. Marehemu Fernando alikuwa ameacha watoto wa kiume, na mkubwa wao, Alfonso de la Cerda, alikuwa na miaka mitano hivi. Kwa mila ya zamani ya Castilla, mtoto aliye hai wa mfalme humtangulia mjukuu. Kwa kitabu cha sheria alichokiandikisha mfalme mwenyewe, kama kilivyotufikia, mjukuu anashika nafasi ya baba yake aliyekufa. Makabaila waliokuwa wakikichukia kitabu hicho walimtaka Sancho, kijana aliyeiokoa nchi. Mfalme wa Ufaransa, ami wa wajukuu hao kwa upande wa mama yao Blanche, aliwatetea watoto na kutishia vita.

Hapo ndipo mtu aliyeandika sheria aliposhindwa kuchagua kati ya kuifuata na kuiacha. Kufikia mwaka 1278 Sancho alikuwa ametambuliwa kuwa mrithi. Malkia Violante, akihofia usalama wa wajukuu, aliwachukua mwaka huo na kukimbilia Aragon kwa kaka yake, Mfalme Pedro. Mume akabaki Castilla bila mke, na nchi ikabaki na warithi wawili.

Kabla ya hapo, mwaka 1277, lilitokea tukio ambalo wanahistoria hawajaweza kulielewa mpaka leo. Alfonso aliamuru kuuawa kwa ndugu yake Fadrique na kabaila Simón Ruiz de los Cameros. Mmoja alinyongwa, mwingine akachomwa moto. Hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Masimulizi ya kifalme yanasema tu kwamba mfalme alikuwa amepata kujua mambo fulani kuwahusu. Huenda walikuwa wakipanga njama, huenda ugonjwa ulikuwa umemwongezea hasira na shaka. Liwalo lote, mwandishi wa Siete Partidas alikuwa ameua ndugu yake bila kesi, na kila kabaila alichukua somo lake.

Mwaka 1278 alituma majeshi na merikebu kuizingira Algeciras, bandari ambayo Wamarini walikuwa wakiitumia kuingilia Hispania. Fedha za kuwalipa mabaharia zilichukuliwa na Sancho ili kumrudisha mama yake kutoka Aragon. Mabaharia wakakaa bila mishahara, bila chakula, na mwaka 1279 meli zao zikateketezwa na adui. Mfalme hakuweza kumwadhibu mwanawe. Badala yake aliyeadhibiwa ni Zag de la Maleha, Myahudi mkusanya kodi aliyetoa fedha hizo. Aliuawa Sevilla mwaka 1280, akiburutwa mbele ya makazi ya Sancho. Mwaka uliofuata Wayahudi wengi walikamatwa na kutozwa fedha nyingi ili waachiwe. Walikuwa ni watu wa jamii ileile iliyompa majedwali yaliyomfanya aitwe mwenye hekima.

Mwishoni mwa mwaka 1281, katika mkutano mjini Sevilla, Alfonso alipendekeza mambo mawili kwa pamoja. Alitaka kupunguza tena thamani ya sarafu, na alitaka kumkatia mjukuu wake eneo la Jaén liwe ufalme mdogo, ili Ufaransa itulie. Wawakilishi wa miji waliogopa la kwanza, Sancho akachukizwa na la pili. Miezi michache baadaye ukafuata mkutano wa Valladolid.

Sancho alipata karibu nchi nzima. Alfonso alibaki na Sevilla, Murcia na sehemu chache. Aliandika kwa wafalme wa Ulaya, ambao wengi walijibu kwa maneno matupu. Ndipo akafanya jambo lililowastaajabisha wa zama zake. Alimwomba msaada Sultani Abu Yusuf, adui ambaye vita vyake ndivyo vilivyokuwa chanzo cha misiba yote ya mwaka 1275. Alimpa taji lake kuwa rehani, naye sultani akamkopesha dinari 100,000 za dhahabu na kuvuka bahari mwenyewe na askari wake. Walikutana Zahara. Waandishi wa pande zote mbili wanakubaliana kwamba sultani alimpokea mzee huyo kwa heshima ya mfalme. Wakauzingira pamoja mji wa Córdoba, ambamo Sancho alikuwamo, lakini haukuanguka.

Novemba 8, mwaka 1282, Alfonso alimlaani Sancho hadharani na kumwondoa katika urithi. Mwaka 1283 Papa Martin wa Nne aliwaagiza watu wa Castilla warudi katika utii wa mfalme wao, na baadhi, wakiwamo wanawe wengine, walianza kurudi.

Aliyekuwa amemfuata kabla ya hao wote ni Beatriz, binti aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa mfalme wa Ureno. Aliiacha nchi aliyokuwa mama wa mfalme, akaja kukaa na baba yake Sevilla na kumsaidia kwa mali. Mfalme alimkabidhi Niebla kwa shukrani. Wakazi wa Sevilla nao wamehifadhi kumbukumbu yao. Katika nembo ya mji wao kuna picha ya uzi uliosokotwa kati ya herufi nne, ambayo kwa mapokeo husomwa kuwa ni kauli ya Alfonso kwamba mji huo haukumwacha. Wataalamu wana shaka na mapokeo hayo, lakini nembo iko katika bendera ya mji mpaka leo.

Katika hali hiyo ya kuzingirwa, kazi ya vitabu haikusimama. Mwaka 1283 kilikamilika Sevilla kitabu cha sataranji, dadu na michezo mingine ya ubaoni, chenye michoro takriban 150. Ndani yake wanaonekana Waislamu, Wakristo na Wayahudi, wanawake na watumishi, wameinamia ubao. Utangulizi wake unaeleza kwamba michezo ya kukaa inawafaa wanawake wasiopanda farasi, wazee, wanyonge na watu walio kifungoni. Wakati maneno hayo yanaandikwa, mfalme alikuwa mzee na mnyonge, na karibu sawa na mfungwa.

Januari 1284 alithibitisha wasia wake: ufalme uende kwa wajukuu, na Sancho asipate kitu. Alifariki dunia Sevilla Aprili 4, mwaka huo, akiwa na miaka 62.

Wasia huo haukutekelezwa. Sancho alitawazwa mjini Toledo mara tu baada ya kifo cha baba yake, na akatawala hadi mwaka 1295, alipokufa kabla ya kutimiza miaka 40. Binamu yake, mwandishi Juan Manuel, mtoto wa yule Manuel aliyetamka hukumu ya Valladolid, ameacha masimulizi kwamba Sancho, akiwa kitandani, alikiri kuwa anakufa kwa laana ya baba yake. Madai ya wajukuu yaliendelea kuisumbua Castilla hadi mwaka 1304.

Alfonso alikuwa ameagiza moyo wake upelekwe Yerusalemu. Haukufika, uko katika kanisa kuu la Murcia, na mwili wake umelazwa Sevilla karibu na wazazi wake. Taji nalo halikukombolewa. Karibu miaka mia moja baadaye, mwanahistoria Ibn Khaldun aliandika kwamba bado lilikuwa katika nyumba ya masultani wa Moroko.